Geji inapanda lori likiwa safarini

Swali: Shikamoo fundi. Naendesha lori la tani tatu na nusu, injini ya dizeli, umeme wa volti 24. Tangi kuu ni la lita 100. Kwa sababu ya safari ndefu nilichongesha tangi jingine la lita 200 kwa bati la zinki, likafungwa nyuma ya kebini, kwa hiyo liko juu kuliko tangi kuu. Aliyelifunga aliweka kiungo cha T kwenye mpira unaopeleka dizeli kwenye injini, na koki mbili, moja ya kila tangi. Tangu hapo naona mambo matatu. Nikitumia tangi la ziada, geji ya tangi kuu inapanda badala ya kutulia. Juzi niliamka nikakuta dizeli imemwagika chini, imetokea kwenye mfuniko wa tangi kuu. Na wiki iliyopita injini ilizima nikipanda mlima, ikagoma kuwaka mpaka ikatolewa hewa. Nimeambiwa ninunue pampu ya umeme ya kuhamishia mafuta. Je, pampu itamaliza tatizo?

Jibu: Marahaba, dereva. Usinunue pampu. Tangi lako la ziada liko juu ya tangi kuu, kwa hiyo dizeli inashuka yenyewe bila kusukumwa. Kinachotakiwa ni kuing'oa ile T, kisha kulipa tangi la ziada kazi moja tu, kulijaza tangi kuu kwa juu, kama unavyolijaza kituoni. Injini iendelee kunyonya kwenye tangi kuu peke yake, kama ilivyotoka kiwandani. Nitakueleza sababu kwa urefu kidogo, maana ukizielewa utaweza kumsimamia fundi yeyote atakayekufanyia kazi hii.

Naanza na geji, kwa kuwa ndiyo dalili iliyonionyesha mengine yote. Injini ya dizeli hainyonyi kile inachochoma tu. Inanyonya zaidi. Sehemu inachomwa, na inayobaki inapita ikipoza na kulainisha pampu ya dizeli na nozeli, halafu inarudi tangini kwa mpira wake wa kurudishia. Tuseme injini yako inachoma lita 10 kwa saa na kurudisha lita 30. Kwenye tangi moja huwezi kuliona hilo: zimetoka 40, zimerudi 30, zimepungua 10. Lakini ukifunga koki ya tangi kuu na kufungua ya tangi la ziada, umehamisha njia ya kwenda peke yake. Njia ya kurudi bado inaishia kwenye tangi kuu. Kila saa tangi la ziada linapoteza lita 40, na 30 kati ya hizo zinamiminika kwenye tangi kuu. Geji yako haidanganyi. Ukiondoka na tangi kuu likiwa nusu, kwa hesabu hiyo baada ya saa moja na dakika 40 limejaa hadi juu, na dizeli yenye moto wa injini inatafuta pa kutokea wakati wewe uko barabarani, macho mbele.

Ipo valvu ya njia sita inayogeuza kwa pamoja mpira wa kunyonya na mpira wa kurudishia. Magari yenye matangi mawili toka kiwandani huja na kitu cha namna hiyo, na ikiwa nzima inafanya kazi vizuri. Kwako siishauri. Ikikwama katikati, njia moja imegeuka na nyingine haijageuka, unarudi pale pale ulipo leo. Na ikiziba njia ya kurudishia, shinikizo linapanda mahali ambapo mfumo haukujengwa kulibeba, na mipira na sili za pampu ndizo zinazoumia.

Dizeli uliyoikuta chini asubuhi ilipita kwenye T hiyo hiyo. Mafuta hayasubiri injini iwake ndipo yatembee. Koki zote mbili zikibaki wazi, dizeli ya tangi la juu inashuka hadi kwenye T, inageuka, na kurudi kinyumenyume kupitia bomba ambalo tangi kuu hunyonyewa. Usiku kucha. Wala si lazima uwe umesahau kufunga. Koki iliyochakaa ikipitisha mililita 200 kwa dakika, yaani glasi moja tu, katika saa 8 za kulala zimepita lita 96. Tangi lako kuu linabeba 100.

Mlimani ndipo hewa ilipoingia. Lori likiinua pua, dizeli yote ya tangi la ziada inakimbilia upande wa nyuma, na kama mdomo wa kutolea uko mbele, unabaki mkavu hata kama tangi bado lina lita 20. Hapo injini inavuta hewa. Madereva wengi huamini kwamba wakiacha koki zote mbili wazi injini itachukua kwenye tangi lenye mafuta. Haifanyi hivyo. Hewa inanyonyeka kwa wepesi kuliko dizeli inayopaswa kuinuliwa kutoka tangi la chini, kwa hiyo tangi tupu moja linatosha kuizima injini yenye tangi jingine lililojaa. Kuzima mlimani na mzigo mgongoni, usukani ukawa mzito na upepo wa breki hauongezeki tena, ni jambo la hatari kubwa. Ndiyo maana nasema T itoke leo, hata kabla hujapata vifaa vya mfumo mpya.

Kuitoa ni kazi fupi. Rudisha mpira mmoja mzima usio na kiungo kutoka tangi kuu hadi kwenye chujio, fungasha kwa klipu mpya, badilisha chujio la dizeli, toa hewa, washa. Usiunge vipande viwili vya mpira wa zamani pale T ilipokuwa. Upande wa kunyonya, tundu dogo lisilodondosha hata tone moja la dizeli linaweza kuvuta hewa, na utatafuta ugonjwa huo miezi.

Sasa dizeli ya tangi la ziada iingie wapi? Kwa juu ya tangi kuu, kwa njia yake yenyewe. Mpira wa kurudishia nao usiuguse, kwa sababu ile ile ya shinikizo. Kama tangi kuu lina mpira mnene kati ya mdomo wa kujazia na tangi lenyewe, mahali pazuri ni hapo: kinawekwa kiungo chenye tawi linaloingia kwa mshazari kuelekea chini. Malori mengi ya aina yako hayana mpira huo, mdomo umekaa moja kwa moja juu ya tangi. Basi angalia bamba la juu lenye floti ya geji, lile boya linalopima kiwango cha mafuta. Mara nyingi lina tundu la akiba lililofungwa kwa boliti, na kama halina, fundi anaweza kulitoa bamba hilo na kulitoboa akiwa nalo mezani, mbali na tangi.

Nimesema mezani kwa makusudi. Mtu asikubali kuchomelea tangi kuu likiwa kwenye gari, na asichomelee tangi lililowahi kubeba mafuta kwa sababu tu amelimwaga na kulisuuza. Dizeli baridi haishiki moto kwa urahisi, mvuke wake unaanza kushika ikifika nyuzi joto 55 hivi au zaidi, na hilo ndilo linalowapoteza watu. Mwale wa kuchomelea unaipasha ile filamu nyembamba iliyobaki kwenye kuta na maungio, inageuka mvuke, mvuke unachanganyika na hewa iliyojaa tangi tupu, na cheche iko pale pale. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa. Kazi hiyo ni ya karakana yenye vifaa vya kulisafisha kwa mvuke na kupima kwamba hakuna gesi ndani. Wewe hauhitaji kuchomelea chochote kwenye tangi kuu, kwa hiyo hatari hii unaweza kuikwepa kabisa.

Kutoka chini ya tangi la ziada mpangilio uwe hivi. Kwanza koki ya mkono, iliyoungwa kwenye tangi lenyewe, ili mpira ukipasuka uweze kuzuia lita zote 200. Halafu chujio la waya la matundu makubwa kiasi, la kukamata takataka tu. Watu huweka hapa chujio laini la karatasi kama la injini, halafu wanashangaa dizeli inadondoka matone. Tangi lako liko juu ya jingine kwa mita moja hivi, na mita moja ya dizeli inatoa shinikizo la kilopaskali 8 tu, chini ya sehemu moja ya kumi ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Nguvu hiyo ni ndogo, usiiweke vizuizi. Kuchuja kwa makini kufanyike unapolijaza tangi la ziada, kwa faneli yenye chujio linalotenga maji. Tumia mpira wenye upana wa ndani wa milimita 12 au zaidi, na uende ukishuka muda wote, usiwe na mahali unapopanda na kushuka tena, kwa sababu hewa inakaa kwenye kilima cha mpira na kupunguza mkondo.

Baada ya chujio inakuja valvu ya umeme, na hapa ndipo pesa za watu hupotea. Unataka valvu ambayo umeme ukikatika inajifunga kwa springi yake, si ile inayobaki wazi. Ya volti 24, iliyoandikwa kwamba inafaa kwa dizeli na kwa kufanya kazi mfululizo. Usichukue ya volti 12 ukaiunga kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo itachoka kabla ya mwenzake, na chaji haitakaa sawa tena. Lakini jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni shinikizo la chini la kufungukia. Valvu nyingi za umeme, hasa za kawaida za maji, zinafunguka kwa kusaidiwa na shinikizo la kile kinachopita. Koili, ule waya uliosokotwa unaogeuka sumaku umeme ukipita, inafungua kitundu kidogo, kisha shinikizo ndilo linaloinua kiwambo kikubwa. Zikikosa theluthi moja ya shinikizo la hewa au zaidi, hazifunguki. Wewe huna hata sehemu moja ya kumi. Utaiwasha, utasikia inalia "tak", na dizeli haitapita. Tafuta ambayo kwenye kibandiko imeandikwa kwamba shinikizo la chini ni 0, maana yake koili yenyewe ndiyo inayoinua kizibo.

Waya wa valvu uanzie mahali panapokufa unapotoa ufunguo, upite kwenye fyuzi ndogo, kisha kwenye swichi yenye taa mbele ya macho yako. Valvu ya wati 20 kwenye volti 24 inakula chini ya ampea 1, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 inatosha. Usiweke ya 20 kwa kuwa ndiyo uliyokuwa nayo mfukoni. Ukipata relei ya muda inayojizima baada ya dakika ulizopanga, iweke. Binadamu husahau, hasa aliyeendesha tangu alfajiri.

Nije kwenye hewa. Hili ndilo ninalolikuta limesahauliwa karibu kila nikiitwa kwenye tangi la ziada lenye matatizo. Lita moja ya dizeli haiwezi kutoka kwenye tangi mpaka lita moja ya hewa iingie mahali pake, na haiwezi kuingia kwenye tangi la pili mpaka lita moja ya hewa itoke. Kila tangi linahitaji tundu lake la kupumulia, lililo wazi kweli.

Kwenye tangi la ziada, tundu likiziba mkondo unapungua taratibu halafu unasimama, na dereva anadhani mafuta yamekwisha. Hapo kwa mtelemko wa kawaida dizeli inasimama tu, basi. Mwenye pampu ndiye anayepata hasara, kwa sababu pampu inaendelea kuvuta. Ikishusha shinikizo la ndani kwa sehemu moja ya kumi tu, ubavu wa tangi wenye sentimita 60 kwa 50 unasukumwa na hewa ya nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 300. Nimeona tangi zuri la bati limekunjamana kama limegongwa na mti, kumbe nyigu walikuwa wamejenga kwenye mpira wa kupumulia.

Kwenye tangi kuu ni kinyume chake. Mita moja ya dizeli iliyosimama juu yake, tangi likiwa limejaa na hewa haina pa kutokea, inasukuma ubavu wa sentimita 60 kwa 40 kwa nguvu inayokaribia kilo 200. Tangi halikujengwa kwa hilo. Linavimba, maungio yanaanza kutoa jasho, na siku utakapofungua mfuniko kituoni dizeli itaruka juu ya mikono na nguo zako. Malori mengi yanapumulia kwenye mfuniko wenyewe, na vumbi la barabara likichanganyika na ukungu wa dizeli linageuka udongo mgumu ndani ya kitundu hicho. Kipimo chake ni rahisi: baada ya safari, legeza mfuniko ukisikiliza. Ukisikia fyuuu ya hewa kuingia au kutoka, tundu limeziba. Lisafishe kwa dizeli safi na upepo, au badilisha mfuniko.

Mpira wa kupumulia wa tangi la ziada uupandishe juu ya tangi, kisha uugeuze mdomo utazame chini ili mvua isiingie, na uweke kichujio kidogo cha wavu dhidi ya wadudu. Maji yakiingia kwenye tangi linalokaa wiki bila kuguswa, yanatulia chini, na kwenye mpaka wa maji na dizeli vinaota vijidudu na kuvu vinavyotoa utando mweusi wenye utelezi. Utando huo ndio unaoziba chujio la injini njiani. Kwa sababu hiyo mdomo wa kutolea dizeli uwe sentimita 2 au 3 juu ya sakafu ya tangi, na chini kabisa pawe na kizibo cha kumwagia maji. Tumia dizeli ya tangi la ziada mara kwa mara, usiigeuze ghala la mwaka mzima.

Kuhusu bati la zinki, ninasikitika kukuambia hivi baada ya wewe kugharamika, lakini tangi hilo halifai. Zinki na dizeli haviendani. Asidi kidogo iliyomo kwenye dizeli, hasa iliyokaa au yenye maji, inaitafuna zinki na kutengeneza kitu kama sabuni, kinachoyeyuka ndani ya mafuta, kinapita kwenye chujio, na kuganda kwenye ncha za nozeli. Shaba nayo ni hivyo hivyo kwa njia yake, inaharakisha dizeli kuoza, kwa hiyo usikubali mabomba ya shaba pia. Chuma cha kawaida kisichopakwa kitu ndani, alumini, chuma kisichoshika kutu, au plastiki nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta, vyote vinakubalika. Ukichongesha jipya, agiza ndani liwe na kuta za kugawa zenye matundu. Lita 200 za dizeli zina uzito wa kilo 168 hivi, na zikiwa nusu tangi bila kuta za ndani zinakupiga mgongoni kila unapofunga breki. Mikanda yake ishikwe kwenye chesi, si kwenye mbao za bodi.

Mipira iwe ya mafuta, iliyoandikwa hivyo ubavuni. Mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule wa maji, unakakamaa kwa dizeli na kupasuka kwenye klipu. Ipitishe mbali na ekzosi na turbo. Nilisema dizeli baridi haishiki moto kirahisi, lakini ikidondokea chuma chenye joto la zaidi ya nyuzi 250 hivi inaweza kuwaka yenyewe bila cheche yoyote, na ekzosi ya lori linalopanda mlima inapita hapo bila shida.

Naomba pia usinyonye dizeli kwa mdomo. Najua umewahi, na mimi nimewahi, na karibu kila dereva niliyefanya naye kazi amewahi. Nikiwa kijana kwenye karakana moja, mwenzangu alinyonya mpira, dizeli ikampalia. Alikohoa, akacheka, tukaendelea na kazi. Jioni pumzi ilianza kumpa shida, na alilazwa siku nyingi. Tone linaloingia kwenye mapafu ni baya kuliko glasi iliyoingia tumboni, na ndiyo sababu aliyemeza mafuta halazimishwi kutapika: akitapika yanaweza kupita tena njiani na kuingia kifuani. Anapelekwa hospitali hata kama anasema yuko sawa. Pampu ya mpira ya kuminya kwa mkono, yenye umbo la yai, inauzwa bei ndogo. Weka moja kwenye kisanduku cha vifaa.

Haya, utaratibu wa kuhamisha. Simamisha lori mahali tambarare, kwa kuwa kwenye mwinamo geji inakudanganya na dizeli inaweza kufika kwenye mfuniko kabla tangi halijajaa. Usianze mpaka tangi kuu liwe chini ya nusu. Usilenge kulijaza. Likiwa robo, yaani lita 25, hamisha lita 50, ubaki na nafasi ya 25. Nafasi hiyo ni ya kosa lako la kipimo, na pia ya joto: dizeli inatanuka, lita 200 zikipata joto nyuzi 20 zaidi zinaongezeka lita 3 na kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo tangi la ziada lenyewe lisijazwe mpaka mdomoni, liachie sehemu ya ishirini, lita 10. Fungua koki ya mkono, washa swichi, na usiondoke hapo. Ukimaliza zima swichi na ufunge koki, vyote viwili, kila mara. Lori likilala, koki imefungwa. Likiwa linatembea, koki imefungwa.

Utauliza kama huwezi kuhamisha ukiwa unaendesha. Kwa umeme inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo. Mimi sipendi, kwa kuwa geji inayochezacheza barabarani ndiyo itakuwa shahidi wako pekee. Kusimama dakika 15 kunampumzisha dereva pia.

Zipo valvu za boya zinazofunga zenyewe tangi kuu likifika kiwango fulani, zilizotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Ukiweza kuipata, iwe nyongeza ya koki, isiwe badala yake. Boya la tangi la maji la nyumbani usilitumie, mpira wake unavimba kwa dizeli na kukwama.

Kwa msomaji mwingine ambaye tangi lake la ziada liko chini au usawa mmoja na tangi kuu, kwa mfano chini ya chesi, huyo ndiye anayehitaji pampu. Mengi niliyosema yanabaki. Inayobadilika ni kwamba pampu ikizimwa, dizeli ya tangi kuu inaweza kurudi yenyewe kwenye la chini kama mdomo wa mpira umezama ndani ya mafuta. Dawa yake ni valvu ya upande mmoja, na kitundu cha milimita 3 kwenye bomba la ndani ya tangi kuu, juu kabisa, ili hewa iingie na kukata mvuto. Pampu ndogo ya kupitisha lita 150 kwa saa inatoa lita 2.5 kwa dakika, inahamisha 50 kwa dakika 20, na inatosha. Ikiunguruma bila kutoa kitu, angalia kwanza kama waya hazikugeuzwa, kwa kuwa baadhi ya pampu zinazunguka kinyume na kusukuma hewa kwenye tangi. Kisha angalia klipu za upande wa kunyonya. Kisha tundu la kupumulia.

Na kwa mwenye gari la petroli: usifuate jibu hili. Mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya 0, na tangi la ziada la petroli lina masharti yake mengine kabisa. Hata tangi lililowahi kuwa na petroli usilitie dizeli, mvuke uliobaki na umeme unaojengeka kwenye mafuta yanayotembea vinatosha kuleta moto. Kwa dizeli pia, tangi la ziada liungwe kwa waya mnene hadi kwenye chesi, hasa kama limekaa juu ya vipande vya mpira.

Mfumo ukishafungwa, usianze na lita 200. Tia 20 kwenye tangi jipya, fungua koki, acha valvu imezimwa, tandika boksi la karatasi chini ya kila kiungo na ulale. Asubuhi doa moja kwenye boksi litakuonyesha klipu ya kukaza. Kisha toa ncha ya mpira kwenye tangi kuu, iweke kwenye galoni ya lita 20, washa valvu na ushike saa. Fanya hivyo mara mbili, tangi likiwa karibu kujaa na likiwa karibu kuisha, kwa sababu kadiri dizeli inavyoshuka ndivyo msukumo unavyopungua. Galoni ikijaa kwa dakika 5 mara ya kwanza na 7 mara ya pili, lita 50 zako zitachukua kati ya dakika 12 na nusu na 17 na nusu. Panga relei ya muda kwa 12, uongeze kwa mkono ukitazama geji. Dakika zako ulizopima ziandike kwa rangi ndani ya mlango wa kebini, ili hata dereva atakayekushikia zamu azikute hapo.